Tone la Dawa Kabla ya Upasuaji wa Mtoto wa Jicho Hufika Wapi?

Mgonjwa anayesubiri kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho mara nyingi hupewa kichupa cha dawa ya antibayotiki na kuelekezwa adondoshe tone moja mara nne kwa siku, kuanzia siku moja au tatu kabla ya tarehe yake, na akishafika wodini sisi wauguzi humwongezea matone mengine kila baada ya dakika kadhaa hadi zamu yake ya kuingia chumba cha upasuaji ifike. Wengi huamini kwamba dawa hiyo huzama jichoni na kubaki humo ikiwasubiri bakteria. Imani hiyo ina ukweli ndani yake, lakini ukweli wenyewe ni mdogo kuliko tunavyodhani, na kwa kuwa wagonjwa wetu wengi hununua dawa hizi kwa fedha zao, naona wana haki ya kujua zinafanya nini na zinaishia wapi.

Tone moja kutoka kwenye kichupa cha kawaida huwa na ujazo wa mikrolita 30 hadi 50. Nafasi iliyopo kati ya jicho na ukope wa chini haibebi zaidi ya mikrolita 30 hivi, na tayari ina machozi ya mikrolita 7 hadi 10. Kwa hiyo sehemu ya tone humwagika shavuni palepale, na inayobaki huchanganyika na machozi mapya na kusukumwa na mpepeso wa kope kuelekea kwenye vitundu viwili vidogo vilivyo pembeni mwa jicho upande wa pua, ambako huanzia mrija unaopeleka machozi puani. Baada ya dakika chache sehemu kubwa ya dawa imekwisha kuondoka. Kinachoingia ndani ya jicho kwa kawaida hakifiki asilimia 5 ya kilichodondoshwa, na kwa dawa nyingi ni pungufu sana ya hapo.

Bibi mmoja niliyekuwa nikimwandaa kwa upasuaji alilieleza jambo hili vizuri kuliko mchoro wowote. Nilimdondoshea antibayotiki ya kloramfenikoli, akatulia kidogo, kisha akakunja uso na kuniuliza, "Mwanangu, dawa umeniwekea jichoni, mbona uchungu wake nausikia kooni?" Nikamjibu, "Ni kweli, bibi. Jicho lina njia ya kwenda puani, na pua ina njia ya kwenda kooni." Tone lililofuata tuliliweka pamoja kwa utulivu zaidi: alitazama juu, nikauvuta ukope wa chini taratibu, nikadondosha tone moja tu bila ncha ya kichupa kugusa kope, akafumba macho bila kuyakaza, nami nikabonyeza kwa ncha ya kidole pale kwenye pembe ya jicho karibu na pua kwa muda wa dakika mbili hivi. Safari hii uchungu haukufika kooni. Dawa ambayo haikwenda kooni ilipata muda wa kukaa juu ya konea, yaani ule utando angavu wa mbele ya jicho, na muda huo una uzito mkubwa katika kuamua kiasi kitakachopenya.

Kwa sababu hiyohiyo, asubuhi ya upasuaji tunapotakiwa kuweka dawa ya kutanua mboni pamoja na antibayotiki, hatupaswi kufululiza matone mawili kwa kuwa foleni ni ndefu. Tone la pili likija kabla ya dakika 5 kupita huliosha la kwanza, na sehemu ya dawa hupotea. Nimeona haraka hii ikifanyika kwa nia njema kabisa, na ninaamini kwamba dakika hizo 5 zina faida kubwa kwa mgonjwa kuliko tone la ziada.

Hata dawa iliyobaki juu ya jicho bado ina kizuizi kigumu mbele yake. Konea ina unene wa takriban nusu milimita tu, lakini imejengwa kwa namna ambayo inakataa karibu kila kitu. Safu yake ya nje ina tabaka 5 hadi 7 za seli zilizobanana kiasi kwamba dawa nyingi haziwezi kupita katikati yake. Zinalazimika kupita ndani ya seli zenyewe, na kuta za seli hizo zimejengwa kwa mafuta. Chini yake kuna stroma, ambayo ni takriban sehemu tisa kati ya kumi za unene wa konea, nayo imejaa maji. Dawa inayoyeyuka kwenye mafuta peke yake huivuka safu ya nje kisha ikakwama kwenye stroma, na dawa inayoyeyuka kwenye maji peke yake hukataliwa tangu mwanzo. Inayofanikiwa kufika kwenye majimaji ya chumba cha mbele cha jicho, yaani nafasi iliyo nyuma ya konea na mbele ya lenzi, ni ile yenye tabia zote mbili kwa kiasi fulani, na yenye molekuli ndogo.

Ukiyafahamu hayo, tofauti kati ya dawa tunazozitumia kila siku inaeleweka bila shida. Jentamaisini hupenda maji na huyakimbia mafuta, hivyo katika jicho lisilo na kidonda hupenya kidogo sana. Katika jicho lenye kidonda cha konea mambo hubadilika, kwa sababu safu ya nje imekwisha kutoboka na mlango uko wazi. Ndiyo maana dawa hiyohiyo inaweza kumsaidia mtu mwenye kidonda na isimfikie kwa kiasi cha maana mtu mwenye konea nzima anayesubiri upasuaji. Kloramfenikoli, ambayo imo karibu katika kila zahanati na kila duka la dawa hapa kwetu, ina molekuli ndogo inayoyeyuka vizuri kwenye mafuta, hivyo hupenya kwa urahisi kuliko wengi wanavyoidhania. Udhaifu wake uko kwingine: bakteria wengi inawazuia tu wasizaane bila kuwaua, jambo ambalo halitoshi ndani ya jicho, mahali ambapo kinga ya mwili ni hafifu.

Dawa za kundi la fluorokwinoloni ndizo zilizochunguzwa zaidi. Siprofloksasini ni ya zamani katika kundi hili na ni ya bei nafuu, lakini haiyeyuki vizuri katika hali ya kawaida ya machozi, na wauguzi wa macho wanaufahamu ule unga mweupe unaojikusanya juu ya kidonda cha konea mgonjwa anapoitumia mara kwa mara. Unga huo ni dawa yenyewe, imeganda nje badala ya kuingia ndani. Moksifloksasini, ambayo iliidhinishwa Marekani kwa matumizi ya macho mwaka 2003 ikiwa na nguvu ya asilimia 0.5, huyeyuka kwenye maji na kwenye mafuta pia, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya kupenya kwake.

Vipimo vya wagonjwa wenyewe vinathibitisha hayo. Katika utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2005, wagonjwa waliokuwa wakienda kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho walidondoshewa dawa kabla, na upasuaji ulipoanza daktari alichota majimaji kidogo kutoka chumba cha mbele cha jicho kwa sindano nyembamba, yakapelekwa maabara. Moksifloksasini ilikutwa kwa wastani wa mikrogramu 1.31 katika kila mililita, gatifloksasini, dawa nyingine ya kundi hilohilo, 0.63, na siprofloksasini 0.15. Tofauti kati ya ya kwanza na ya mwisho ni takriban mara tisa, nayo ni tofauti kubwa. Lakini kuna hesabu nyingine ambayo naomba msomaji aifanye pamoja nami. Kichupa cha moksifloksasini kina mikrogramu 5,000 za dawa katika kila mililita. Iliyofika ndani ni mikrogramu 1.31. Hata dawa inayopenya vizuri kuliko nyingine ilifika ndani ikiwa dhaifu karibu mara elfu nne kuliko ilivyokuwa kwenye kichupa.

Je, kiasi hicho kinatosha? Kwa bakteria ambao hawajawa sugu, kinatosha. Staphylococcus epidermidis, ambaye anaishi kwenye kope za kila mmoja wetu na ndiye anayeongoza kwa kusababisha maambukizi baada ya upasuaji wa mtoto wa jicho, huzuiwa na moksifloksasini isiyofika mikrogramu 0.25 katika kila mililita ikiwa bado hajazoea dawa. Aliyekwisha kuwa sugu huhitaji mikrogramu kadhaa, na wengine makumi, kiasi ambacho tone haliwezi kukifikisha ndani hata likiwekwa kwa ustadi wa namna gani. Usugu huo hukua juu ya kope zetu wenyewe kila tunapokwenda duka la dawa na kununua antibayotiki kwa jicho lililowashwa na vumbi au lenye mzio, tukaitumia siku mbili na kukiweka kichupa kabatini kwa ajili ya mwingine. Ninalisema hili kwa uchungu, kwa sababu mgonjwa wa namna hiyo anapofika siku ya upasuaji, bakteria walio kwenye kope zake huenda wamekwisha kuizoea dawa tunayoitegemea.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, tunalizungumzia kidogo mno. Vile vipimo vya mikrogramu vilichukuliwa kabla jicho halijafunguliwa. Majimaji ya chumba cha mbele ni takriban robo ya mililita, na jicho lenyewe hutengeneza mapya na kuyatoa ya zamani kwa kasi ya karibu asilimia 1 kila dakika, kiasi kwamba katika muda unaozidi saa moja kidogo nusu ya dawa iliyokuwemo imekwisha kutoka. Tone la jana asubuhi, kwa hiyo, halina mchango wowote wa maana ndani ya jicho leo. Yanayohesabika kwa upande wa kupenya ni matone ya saa moja au mbili za mwisho. Matone ya siku zilizotangulia yana kazi nyingine, ya kupunguza bakteria juu ya jicho na kwenye kope, na hiyo ni kazi tofauti inayopaswa kupimwa kwa mizani yake.

Kisha daktari anafungua jicho. Majimaji yale yanatoka kwa mara ya kwanza, chumba cha mbele kinajazwa ute maalumu wa kulinda konea, lenzi iliyofifia inatolewa, maji ya kusafishia yanapitishwa tena na tena, lenzi bandia inawekwa, na ute ule unaoshwa kabla ya kumaliza. Upasuaji unapokwisha hakuna tone la majimaji ya awali lililobaki. Dawa iliyochukua saa nzima kupenya konea imeoshwa na kutupwa, isipokuwa ile iliyohifadhika katika nyama ya konea yenyewe na inayoendelea kuvuja ndani kidogokidogo. Na bakteria walioingia wakati wa upasuaji, au watakaoingia kupitia kidonda katika saa za kwanza baadaye, wanakuta jicho lisilo na ulinzi ule tulioupima. Nilipolielewa hili vizuri nilibadili namna ninavyowaeleza wagonjwa kazi ya matone, na sitawaambia tena kwamba dawa imo ndani ikiwalinda.

Bakteria hao wanatoka wapi? Utafiti uliochapishwa mwaka 1991 ulilinganisha kwa vipimo vya vinasaba bakteria waliotolewa ndani ya macho yaliyoambukizwa baada ya upasuaji na wale waliokuwa kwenye kope, juu ya jicho au puani mwa mgonjwa huyohuyo, na kwa wagonjwa 14 kati ya 17 hawakuweza kutofautishwa. Adui mkubwa anakuja na mgonjwa mwenyewe. Mwaka huohuo ukachapishwa utafiti mwingine, wa New York, ulioonyesha kwamba kudondosha povidoni-ayodini, dawa ya kuua vijidudu yenye ayodini, ya asilimia 5 juu ya jicho kabla ya upasuaji kulipunguza sana maambukizi ya ndani ya jicho, kutoka asilimia 0.24 hadi 0.06. Povidoni-ayodini haihitaji kupenya konea. Inaua palepale juu, bakteria kwa kuvu, na haichagui kati ya bakteria sugu na asiye sugu.

Hii ni kazi yetu wauguzi, na inahitaji umakini kuliko inavyoonekana. Dawa inayopatikana kwa kawaida ni ya asilimia 10, hivyo inachanganywa nusu kwa nusu na maji safi ya kuingizwa jichoni yasiyo na vijidudu, na lazima iwe ile ya majimaji ya kawaida, kamwe isiwe ile yenye sabuni ya kunawia mikono, kwa sababu sabuni hiyo huunguza konea. Baada ya kuiweka, inaachwa dakika 3 kamili kabla ya kuoshwa. Ikiwa ganzi inayotumika ni ya jeli, jeli iwekwe baada ya ayodini, kwa kuwa ikitangulia hufunika juu ya jicho na kuizuia ayodini isiwafikie bakteria. Jambo hili la mpangilio halimgharimu mtu hata senti moja, nami ningependa liandikwe ukutani katika kila chumba cha maandalizi.

Hatua nyingine iliyobadilisha mambo ni kuiweka antibayotiki moja kwa moja ndani ya jicho mwishoni mwa upasuaji. Jumuiya ya Ulaya ya madaktari wa upasuaji wa mtoto wa jicho, inayojulikana kwa kifupi ESCRS, ilifanya utafiti katika nchi 9 ukiwa na wagonjwa zaidi ya 16,000, na matokeo yake ya mwaka 2007 yalionyesha kwamba miligramu 1 ya sefuroksimu iliyodungwa katika chumba cha mbele ilipunguza maambukizi takriban mara tano. Katika utafiti huohuo baadhi ya wagonjwa walipewa matone ya levofloksasini, nayo ni fluorokwinoloni, kabla na mara tu baada ya upasuaji, na faida ya matone hayo haikuweza kuthibitishwa. Nchini India, hospitali za Aravind zilichapisha mwaka 2017 uchambuzi wa pasuaji zaidi ya 600,000, ambapo maambukizi yalishuka kutoka asilimia 0.07 hadi 0.02 baada ya kuanza kudunga moksifloksasini kwa njia hiyo. Uchambuzi huu unatuhusu moja kwa moja, kwa kuwa sehemu kubwa ya pasuaji hizo zilifanywa kwa mkono kupitia mpasuko mdogo bila mashine ya mawimbi ya sauti, kama zinavyofanywa katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki.

Ukilinganisha kwa namba, sababu inajitokeza yenyewe. Mikrogramu 500 za moksifloksasini zikiwekwa katika chumba chenye robo ya mililita huleta zaidi ya mikrogramu 1,000 katika kila mililita, ilhali matone yalileta 1.31. Na zinawekwa baada ya kuosha kwisha. Hata zikipungua kwa nusu kila saa, kwa saa kadhaa bado zitakuwa juu ya kiasi kinachohitajika, hata kwa bakteria wengi ambao tone lisingewaweza. Tahadhari hapa ni kubwa, na nataka isomwe na kila anayeshika kichupa: dawa ya kudungwa ndani lazima iwe isiyo na kihifadhi wala kitu cha kuifanya iwe nzito, kwa sababu vitu hivyo huua seli za ndani ya konea, na seli hizo hazioti tena. Sefuroksimu, ambayo mara nyingi huja kama unga wa sindano ya kawaida, inahitaji kuchanganywa kwa hatua kadhaa, na kosa katika hatua moja linaweza kumwachia mgonjwa dawa mara kumi ya inayotakiwa.

Kwa hiyo nikiulizwa fedha kidogo ya kitengo cha macho itumike wapi kwanza, jibu langu ni povidoni-ayodini iliyotengenezwa vizuri na kuachwa dakika zake, kisha dawa ya kudungwa mwishoni mwa upasuaji, na matone ya kabla ya upasuaji yafuate baada ya hizo. Sisemi mgonjwa aache matone aliyoandikiwa. Daktari wake anajua hali ya jicho lake, na mwenye uvimbe wa kope au mrija wa machozi ulioziba ana sababu ya pekee ya kutibiwa kabla. Ninachopinga ni kumtuma mzee akanunue kichupa cha bei kubwa kwa sababu eti ndicho kinachopenya, huku ayodini ikiwekwa na kufutwa kwa nusu dakika ili meza ipokee mgonjwa anayefuata.

Limebaki jambo la sehemu ya nyuma ya jicho. Yote niliyoyaeleza kuhusu kupenya yanahusu chumba cha mbele. Ule ute mzito uliojaa nyuma ya lenzi hupokea kutoka kwenye matone kiasi kidogo zaidi, ambacho kwa kawaida hakitibu kitu, na huko ndiko maambukizi makali yanakojichimbia. Ndiyo sababu mgonjwa aliyeambukizwa hudungwa antibayotiki ndani ya ute wenyewe, kwa kawaida vankomaisini miligramu 1 pamoja na seftazidimu miligramu 2.25, na hatuwezi kumtibu kwa kumwongezea matone. Dalili huonekana zaidi katika wiki ya kwanza baada ya upasuaji: jicho linazidi kuuma badala ya kupoa, linazidi kuwa jekundu, na uoni uliokuwa umeanza kurudi unafifia tena. Anayeona hivyo asiongeze tone nyumbani akisubiri tarehe ya kliniki. Arudi hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku, na amwambie mtu wa kwanza atakayempokea kwamba alifanyiwa upasuaji wa jicho majuzi, ili apelekwe kwa daktari wa macho bila kupangwa kwenye foleni.